Kuku wa Mulanda

Wanaotaka ushauri wangu wa safari huanza na viatu. Bi Zaituni, nivae viatu gani? Bi Zaituni, begi liwe na uzito gani? Nawaambia viatu ni vyako, vikikubana utavivua. Watu wa huku wanatembea pekupeku na wanafika. Niulize habari ya tumbo. Niulize utafanya nini utakapofika nyumbani kwa mtu usiyemjua, jua likikuchoma utosi, na mtu huyo amekwisha kukupokea hata kabla hujataja jina lako. Hapo ndipo safari huharibika, si kwenye malengelenge. Nimewatembeza wageni kwa miguu kutoka Busia hadi Tororo kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na sijaona aliyeshindwa na kilima. Walioshindwa na sahani nimewaona wengi, na wa kwanza wao ni mimi.

Juzi tumemzika Mama Shamim, mwenye gesti niliyoanzia kazi. Matangani, pale mtaa wa Sofia, nilikaa na wanawake tukichambua mchele, na nyuma yangu vijana wakawa wanasimuliana kwamba marehemu ndiye aliyeanzisha safari za miguu, kwamba alikuwa na maono. Maono! Nilinyamaza kwa heshima ya maiti, lakini wallahi nilikaribia kumwaga ungo. Mama Shamim nilimpenda, na kwenye kaburi lake nimelia mpaka kichwa kikaniuma, ila maono hakuwa nayo. Alikuwa na shuruti. Kila jambo ulilomwambia alilitia shuruti, na ukilitimiza alikuwa hana ubishi tena. Kwa hiyo naandika mimi mwenyewe, kabla vijana hawajanizika na mimi kwa hadithi zao.

Mwaka safari hizo zilipoanza nilikuwa na miaka ishirini na kazi yangu ilikuwa kufua mashuka. Gesti ilikuwa na vyumba tisa vilivyozunguka ua wa saruji, tangi la maji katikati, na kamba zangu za kuanikia zimepita mbele ya dirisha la chumba namba tatu. Vyumba vya upande wa barabara walilala madereva wa malori waliokuwa wakingoja karatasi zao za mpakani. Hao walikuwa watu wa kelele na chai ya tangawizi, wakipishana Kiswahili cha Mombasa na cha Kampala. Upande wa ndani walilala wasafiri wa kujitegemea, wale wa mabegi mgongoni, wazungu na wasio wazungu, walioshuka jioni wakiwa wamechoka na kuondoka alfajiri kabla chapati hazijaiva. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nakisikia, na hakuna aliyedhani kwamba mfua mashuka anasikia. Siku moja, mwanamume na mke wake walikuwa wamekaa chumba namba tatu na kitabu chao cha njia. Mke akauliza, tukae siku moja zaidi? Mume akamjibu, tukae tufanye nini? Hapa ni mahali pa kupita tu. Hapa hakuna kitu.

Nilikasirika mpaka nikalikamua shuka likatatuka. Hakuna kitu! Watu wamezaliwa hapa, wameoa hapa, wamelima kutoka hapa hadi Molo, ile ya Tororo, halafu mtu aliyelala usiku mmoja akitazama ukuta anasema hakuna kitu. Nikaenda moja kwa moja jikoni kwa Mama Shamim, shuka mkononi, nikamwambia wageni wetu wanaondoka kwa sababu hatuwaonyeshi lolote. Watembezwe vijijini kwa miguu, walale kwenye nyumba za watu, wale wanachokula watu, na siku ya mwisho wapande Mwamba wa Tororo waione nchi yote waliyoitembea. Mama Shamim alikuwa anasukuma chapati. Hakuinua macho.

"Na nani atawatembeza?"

"Mimi."

Hamza, mtoto wa dada yake, aliyekuwa amekaa kizingitini akila chapati za watu, akacheka mpaka akapaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa ameahidiwa kazi ya wageni siku ikipatikana, na mpango wake ulikuwa wa gari: kuwapakia asubuhi, kuwafikisha chini ya mwamba, kuwapiga picha, kuwarudisha mchana. Na siku hiyo, kumbe, ilikuwa imekwisha kupatikana. Mama Shamim alikuwa na barua ya walimu wanane waliotoka ng'ambo, watakaofika Ijumaa ya wiki inayofuata na kutaka kuiona nchi kuanzia Jumamosi.

"Zaituni," akasema, "nataka nyumba nne. Ya kwanza iwe ya mtu unayemjua, nakusamehe. Tatu ziwe za watu wasiokujua. Kila nyumba ule wewe kwanza, kwa mkono wako, ndipo uwaombe wapokee wageni. Ijumaa baada ya swala nikuone hapa. Zikiwa nne, wageni ni wako. Zikiwa tatu, Hamza atawapeleka kwa gari na wewe utarudi kwenye mashuka, na maneno haya sitaki kuyasikia tena."

"Mwache aende, khalati," Hamza akasema. "Jumanne atarudi analia."

Nikaondoka Jumatatu alfajiri na mkoba mmoja, kanga mbili, mkate, na chupa ya maji. Nyumba ya kwanza ilikuwa kwa akina rafiki yangu wa shule, Waislamu kama sisi, na huko mambo yalikuwa kama kwetu: wali, samaki, maswali kuhusu ndoa. Wakakubali kabla sijamaliza kueleza. Nikalala usingizi wa mtu aliyefaulu, nikiwa sijafanya lolote. Ushauri wangu kwa anayesafiri peke yake: siku ya kwanza ikiwa rahisi, usijisifu. Bado hujatoka nyumbani.

Mulanda nilifika Jumanne alasiri, miguu vumbi tupu. Njia inapanda na kushuka katikati ya mihogo na mtama, na kila niliyekutana naye alinisalimu na kuniuliza natoka wapi, nakwenda wapi, na kwa nini peke yangu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanua karanga zake juani hakuuliza. Alinitazama miguu tu, akaleta kigoda na maji. Huyo ndiye Mama Othieno, mjane, mkulima, nyumba yake ya bati ina vyumba vitatu vilivyofagiliwa mpaka kwenye pembe, na jiko lake liko pembeni, limepakwa udongo mwekundu na mweusi kwa mistari ya mkono wake mwenyewe. Nikajisemea, hapa, Zaituni, hapa ndipo. Nikamweleza habari ya wageni. Akasema tutasema baada ya chakula. Mlangoni mwa jiko palikuwa na kuku amefungwa mguu kwa uzi wa katani.

"Wewe ni Muislamu?" akaniuliza, akiitazama kanga yangu kichwani.

"Ndiyo, mama."

"Ngoja. Natuma mtu kwa Juma."

Juma alikuwa mchinjaji pale sentani, kwenye maduka ya kijiji, Muislamu pekee kwa upande ule, na kila nyumba ya Wakristo iliyopata mgeni Muislamu ilimwita aje achinje ili mgeni ale kwa amani. Huo ndio uungwana wa huku, na ulikuwapo kabla yangu. Lakini Juma alikuwa amekwenda mnadani, haijulikani atarudi lini. Mama Othieno akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni, kuku yupo, mgeni yupo, mchinjaji hayupo. Nami nikaona haya kwa usumbufu ninaompa, na pia, niseme kweli, nikaogopa asije akanigeuzia kisu mimi. Kwetu kisu cha kuchinja ni cha wanaume. Baba akiwa hayupo anaitwa mjomba, mjomba akiwa hayupo anaitwa jirani, na kuku anangoja na wanawake wanangoja. Sikuwahi hata kujiuliza kwa nini. Basi nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio yananiwaka.

"Mama, usijisumbue. Mimi kuku sili. Na tena nimeshiba."

Akamfungua kuku, akamwachia. Akaniletea ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyoungwa karanga, chakula kitamu kabisa, nami nikala matonge matatu ili uongo wangu wa shibe usimame. Nikawasikia jikoni, yeye na shemeji yake, wakiongea Kidhopadhola. Mimi kinanipita, lakini jirani wa mpakani haishi kuokota maneno. Shemeji alisema labda ni mgonjwa. Mama Othieno akasema, ameshiba, amesema ameshiba. Ameshiba kwa nani?

Asubuhi akanipa chai, akanisindikiza mpaka njiani kwa heshima zote. Pale njiani ndipo akanijibu.

"Wageni yako sitaki. Wewe mkubwa wao nakataa chakula yangu. Wao watakula nini? Watakuja hapa na mkate kwa mfuko, kama wewe."

Alikuwa ameuona mkate. Nikatembea kutwa nzima kuelekea Merikit nikilia, na kila aliyeniona alinipa pole akidhani nimefiwa. Hamza alikuwa amekosea siku moja tu: sikulia Jumanne, nililia Jumatano.

Merikit nilipokewa na Mzee Omoding na mkewe, Iteso wa makamo, watu wa ng'ombe wachache na karanga nyingi, ambao nyumba yao nilielekezwa na watoto kisimani. "Yoga," nikasalimu, neno langu moja la Kiteso, na mzee akafurahi akaniongelesha Kiteso mfululizo mpaka mkewe akamwambia aache, mtoto wa watu amechoka. Mkewe tulimwita Toto, maana kwa Kiteso mama ni toto, na wapita njia wote kwake walikuwa watoto wake. Hakuniuliza kama nina njaa. Akaleta kuku chini ya kwapa la kushoto, na kisu mkono wa kulia, akanielekezea mpini.

"Muislamu hapa hakuna," akasema. "Iko wewe tu. Chinja."

"Toto, kwetu wanachinja wanaume."

"Mungu yenu alisema hivyo?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikaufunga. Kwa sababu Mungu wetu hakusema hivyo, nami nilijua. Mwalimu wa madrasa alitufundisha shuruti za mchinjaji, tukaziimba kwa sauti: awe Muislamu, awe na akili, mwanamume au mwanamke. Nilizijibu kwenye mtihani nikapata zote. Zilikuwa kichwani miaka yote ile na hazijawahi kushuka mpaka mkononi. Nilikuwa nimemnyima mjane wa Mulanda heshima ya kunilisha kwa ajili ya katazo ambalo halipo, ambalo hakuna aliyeniwekea ila mazoea. Nikaupokea mpini. Nikaomba jiwe, nikakinoa kisu. Kibla nilikijua: huku kwetu unauacha Mlima Elgon mkono wa kulia kidogo, unatazama kaskazini. Toto akashika mabawa, mzee akashika miguu, mimi nikasema Bismillahi Allahu akbar na kufumba macho.

"Wewe!" mzee akapiga kelele. "Fungua macho! Utakata mimi!"

Toto alicheka mpaka akaachia bawa moja, kuku akanipiga nalo usoni. Nikafumbua macho. Nikarudia, na safari hii mkono ukaenda mara moja, sawasawa, kama uliokuwa ukifanya hivyo siku zote. Nilisimama pale na damu kwenye kidole gumba, nikahisi nimerefuka. Sijui nisemeje vinginevyo. Nimepanda Mwamba wa Tororo mara nyingi nisizozihesabu, na hakuna mara moja niliyoiona nchi kwa upana kama nilivyoiona nikiwa nimechutama uani kwa Mzee Omoding.

Chakula kilipoiva, mzee akatia mkono kwenye bakuli, akatoa firigisi, akaiweka kwenye sahani yangu. Firigisi ni ya mwenye nyumba, hilo kila mtu wa huku analijua. Kuna nyumba zimegombana kwa ajili yake. Nikaikataa kwa adabu, na hapo hapo nikajiuma ulimi, maana nilikuwa nimejiapia sitakataa tena. Mzee akasema, "Mwenye kisu ndiye anakula." Nikala. Ilikuwa ngumu, ina chumvi nyingi, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Ndipo nikawasimulia habari ya Mulanda. Nikasema nitamwandikia Mama Othieno barua nimwombe radhi. Toto akatikisa kichwa.

"Barua hapana saidia. Wewe ulikataa kula. Rudi, kula."

Kupokea wageni walinikubalia usiku ule ule, na Alhamisi asubuhi mzee akanipeleka Molo kwa dada yake. Dada akaleta chai na mihogo, nikala mpaka akanisifu, na kabla ya saa nne alikuwa amekubali kupokea wageni. Nilikuwa na nyumba tatu. Njia ya kushuka Tororo na kurudi Busia ilikuwa mbele yangu, na nyumba ya nne ningeweza kuitafuta kwingine, kwa mtu ambaye sijamkosea. Niliifikiria, sikatai. Kisha nikapanda baiskeli ya abiria hadi Tororo, na nyingine hadi Mulanda, na saa tisa alasiri nikaingia uani kwa Mama Othieno.

Alikuwa anamenya karanga. Hakusimama.

"Wewe umesahau nini?" akauliza.

"Mama, nimerudi kula kuku wangu."

"Kuku gani? Wewe kuku hapana kula."

"Nilikudanganya. Nakula. Na sikuwa nimeshiba, nilikuwa na njaa. Niliogopa kisu."

Akaendelea kumenya. Akaniacha nimesimama juani, akamenya ungo mzima, na mimi sikukaa wala sikusogea kivulini, maana hiyo nilistahili. Majirani wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu anaomba chumvi, yule anatafuta mbuzi. Mwishowe Mama Othieno akaonyesha kwa kidevu.

"Kuku yako ile natembea kwa mihogo. Kamata."

Basi nikamkimbiza. Ah, jamani! Kuku yule alikuwa ameponea Jumanne na hakutaka mazoea. Alinizungusha mihogo yote, akanipitisha nyuma ya choo, kanga ya kwanza ikabaki kwenye mti, kanga ya pili nikaikunja kiunoni, na majirani wakigawanyika, wengine wananishangilia mimi, wengine kuku. Nilimrukia karibu na jiko, tukaanguka wote wawili. Nikasimama naye, vumbi mpaka kwenye meno, nikaomba kisu. Shemeji akashika miguu. Nikauacha mlima mkono wa kulia kidogo, nikasoma, nikachinja, macho yangu wazi.

Wakati namnyonyoa akatokea Juma mchinjaji, mbio, ameambiwa njiani kwamba kwa Mama Othieno kuna Muislamu. "Nani amechinja?" akauliza. Wote wakaninyooshea kidole. Akachutama, akaikagua shingo, akaigeuza huku na huku. Akainuka. "Halali," akasema. "Na ni safi kuliko zangu za siku ya soko."

Hapo Mama Othieno alicheka. Alicheka akajipiga mapaja, akaniita mwizi wa kuku, akaniita mtoto wangu. Nilikula paja, nikala bawa, nikala mchuzi kwa ugali wa wimbi mpaka aliponiambia basi, na nilipomwambia nimeshiba, safari hii akaniamini.

"Wageni yako ni ngapi?"

"Wanane."

"Wewe nakuja nao mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Walete. Lakini kuku nachinja wewe. Juma nachelewa."

Ijumaa Juma alinipakia kwenye baiskeli yake hadi barabara kuu, na lori la mihogo likanishusha Busia watu wakitoka msikitini. Mama Shamim alikuwa uani. Hamza alikuwa amevaa shati jipya, gari amekwisha kulitafuta. Sikungoja kuulizwa.

"Nne," nikasema.

Mama Shamim akaniuliza kila nyumba: choo kiko wapi, maji yanatoka wapi, mlango una komeo, nimekula nini. Nilipofika Mulanda nikamsimulia yote, hata uongo, hata kanga kwenye mti. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, akaushika mkono wangu wa kulia, akautazama kama anayesoma hati. Kisha akageuka.

"Hamza, mwambie mwenye gari asije."

Niliingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikarukaruka. Nasema bila aibu: nilirukaruka kama mtoto, nikapiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa madereva, na mmoja akauliza nani ameolewa.

Jumamosi alfajiri walimu wanane walikuwa wamejipanga uani na mabegi yao makubwa kuliko wao. Nikawapunguzia nusu ya mizigo. Nikawafundisha kusalimu. Nikawaambia sheria ya safari yangu ni moja: huko tuendako hakuna kukataa. Mwalimu mmoja mrefu, wa miwani, akainua mkono taratibu. Akasema ananiheshimu sana, ila yeye nyama haili kabisa, ya aina yoyote, tangu utotoni, afanyeje?

Wenzake wote wakanitazama. Hamza naye, kutoka kizingitini, akanitazama, na Mama Shamim akaacha kusukuma chapati. Siku tano nyuma nisingekuwa na jibu.

"Usile," nikamwambia. "Lakini mimi nikichinja, wewe utashika miguu."

Na tulipofika Mulanda alishika, kwa mikono miwili, macho wazi.